Vuguvugu la End SARS

Vuguvugu la End SARS ni harakati za vijana wa Nigeria zilizodai kuvunjwa kwa kikosi cha polisi kilichojulikana kwa jina la SARS. Harakati hizo zilianza mtandaoni mwaka 2017 na kufikia kilele katika maandamano ya Oktoba 2020, yaliyofanyika katika miji mingi ya nchi hiyo na kuungwa mkono na Wanigeria waishio ng'ambo. Madai ya kwanza yalihusu polisi tu, lakini maandamano yaligeuka kuwa malalamiko ya kizazi kizima dhidi ya rushwa, ukosefu wa ajira na viongozi wasiowajibika. Yalififia baada ya wanajeshi kufyatua risasi mahali walipokusanyika waandamanaji huko Lekki, mjini Lagos, tarehe 20 Oktoba 2020.

## Mazingira

Nigeria ina wakazi zaidi ya milioni 200, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na takriban nusu yao hawajafikisha umri wa miaka 20. Ni mzalishaji mkubwa wa mafuta ya petroli, lakini umeme hukatika mara kwa mara na wenye uwezo hutegemea jenereta. Vyuo vikuu vya umma hufungwa mara nyingi kutokana na migomo ya wahadhiri. Mgomo wa mwaka 2020 ulidumu kuanzia Machi hadi Desemba, hivyo maandamano yalipoanza wanafunzi wengi walikuwa nyumbani.

Uongozi wa juu ulikuwa mikononi mwa wazee. Muhammadu Buhari, aliyewahi kuitawala nchi kijeshi kuanzia mwishoni mwa mwaka 1983 hadi 1985, alichaguliwa kuwa rais mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 72. Mnamo Aprili 2018 alisema mjini London kwamba vijana wengi wa nchi yake hawajasoma na wanataka kukaa bila kazi wakitegemea utajiri wa mafuta. Maneno hayo yaliwaudhi vijana wengi. Tarehe 31 Mei mwaka huohuo alitia saini sheria iliyopunguza umri wa kugombea urais kutoka miaka 40 hadi 35, na ule wa kugombea Baraza la Wawakilishi kutoka 30 hadi 25. Sheria hiyo ilitokana na kampeni ya vijana wenyewe.

## Kikosi cha SARS

SARS ni kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya Kikosi Maalumu cha Kupambana na Ujambazi. Kilianzishwa mwaka 1992 ili kukabiliana na wezi wenye silaha. Askari wake mara nyingi walifanya kazi bila sare na katika magari yasiyo na alama za polisi.

Kadiri miaka ilivyopita, kikosi hicho kililalamikiwa kwa kukamata watu ovyo, kutesa, kudai fedha na kuua bila kufikisha watu mahakamani. Kijana mwenye simu ya bei ghali, kompyuta mpakato, nywele za rasta au gari zuri alishukiwa kuwa tapeli wa mtandaoni. Baadhi walieleza kwamba walipelekwa kwenye mashine za benki wakalazimishwa kutoa fedha zao. Katika ripoti ya Juni 2020, shirika la Amnesty International liliorodhesha angalau matukio 82 ya mateso, unyanyasaji na mauaji yaliyofanywa na kikosi hicho kati ya Januari 2017 na Mei 2020.

Serikali iliahidi mageuzi zaidi ya mara moja. Agosti 2018, kwa mfano, kaimu rais Yemi Osinbajo aliagiza kikosi kipangwe upya, lakini malalamiko hayakukoma.

## Maandamano ya Oktoba 2020

Tarehe 3 Oktoba 2020 ilisambaa video iliyodaiwa kuonyesha askari wa SARS wakimpiga risasi kijana mmoja huko Ughelli, Jimbo la Delta, kisha kuondoka na gari lake. Siku chache baadaye vijana walijaa barabarani mjini Lagos, Abuja na miji mingine.

Tarehe 11 Oktoba Inspekta Jenerali wa Polisi, Mohammed Adamu, alitangaza kwamba SARS imevunjwa. Siku mbili baadaye polisi walitangaza kuanzishwa kwa kikosi kipya kiitwacho SWAT. Kwa kuwa ahadi za awali hazikutimizwa, waandamanaji waliona kwamba kilichobadilika ni jina tu, wakaendelea kukaa barabarani. Madai yao yalikuwa matano:

- kuachiwa huru kwa waandamanaji waliokamatwa;
- haki kwa waliouawa na fidia kwa familia zao;
- chombo huru cha kuchunguza na kushtaki askari waliotenda maovu;
- askari wa SARS kupimwa afya ya akili na kupewa mafunzo upya kabla ya kupangiwa kazi nyingine;
- nyongeza ya mishahara ya polisi.

Dai la mwisho lilionyesha kwamba waandamanaji waliwaona hata askari wa kawaida kuwa watu waliotupwa na dola.

Vuguvugu halikuwa na kiongozi mmoja. Wengi waliamini kwamba kiongozi angeweza kununuliwa au kukamatwa. Kundi la wanawake liitwalo Feminist Coalition, lililoanzishwa Julai 2020, lilikusanya zaidi ya naira milioni 147 kwa ajili ya chakula, matibabu na mawakili. Njia zake za kupokea fedha kupitia benki zilipofungwa, lilitumia sarafu ya bitkoini. Maneno ya Kiyoruba "soro soke", yaani "paza sauti", yakawa kaulimbiu na hata jina la kizazi hicho.

Hali ilikuwa tofauti kaskazini mwa nchi. Magavana wa huko walipinga kuvunjwa kwa SARS, wakisema kikosi hicho kilisaidia dhidi ya majambazi. Vijana wengi wa kaskazini waliandamana zaidi kudai ulinzi dhidi ya Boko Haram na watekaji nyara.

## Tukio la Lekki

Tarehe 20 Oktoba Gavana wa Jimbo la Lagos, Babajide Sanwo-Olu, alitangaza amri ya kutotoka nje. Jioni hiyo wanajeshi walifika kwenye kituo cha kulipia ushuru wa barabara cha Lekki, ambako waandamanaji walikuwa wameketi wakipeperusha bendera na kuimba wimbo wa taifa. Risasi zilifyatuliwa. Mwanamuziki DJ Switch alirusha tukio hilo moja kwa moja kupitia Instagram.

Idadi ya waliokufa imebaki kuwa suala la ubishi. Jeshi kwanza lilikanusha kuhusika, baadaye likakiri kwamba askari wake walikuwepo na kudai walitumia risasi baridi. Amnesty International ilisema watu wasiopungua 12 waliuawa huko Lekki na Alausa. Katika hotuba yake ya tarehe 22 Oktoba, Rais Buhari hakuitaja Lekki.

Siku zilizofuata kulikuwa na ghasia, majengo yalichomwa moto na askari polisi pia waliuawa. Katika majimbo kadhaa watu walivunja maghala na kukuta chakula cha msaada wa janga la UVIKO-19 ambacho hakijagawiwa. Wengi walikichukulia kama ushahidi kwamba viongozi walikificha, ingawa magavana walisema kilikuwa bado kikisubiri kugawiwa.

## Uchunguzi

Jopo la uchunguzi la Jimbo la Lagos, likiongozwa na jaji mstaafu Doris Okuwobi, liliwasilisha ripoti Novemba 2021. Liliorodhesha waathirika 48 wa Lekki, wakiwemo 11 waliouawa na 4 waliopotea na kudhaniwa wamekufa. Serikali ya jimbo ilipinga matokeo hayo kuhusu vifo. Julai 2024 Mahakama ya ECOWAS iliamua kwamba Nigeria ilikiuka haki za waandamanaji watatu walioshtaki, na kuamuru kila mmoja alipwe naira milioni 2.

## Athari

Baada ya Lekki neno la Kiyoruba "japa", lenye maana ya kukimbia, lilizidi kutumika kwa vijana wanaohamia nchi za nje. Wengine waligeukia siasa: katika uchaguzi wa Februari 2023 vijana wengi wa mijini walimuunga mkono Peter Obi wa chama cha Labour, aliyepata kura milioni 6.1 na kuongoza katika Jimbo la Lagos. Bola Tinubu alishinda kwa kura milioni 8.8, na waliojitokeza kupiga kura walikuwa chini ya 30% ya walioandikishwa.

Agosti 2024 maandamano mapya dhidi ya utawala mbaya na gharama za maisha yalifanyika, safari hii yakiwa na nguvu kaskazini. Yalichochewa kwa kiasi fulani na vijana wa Kenya, ambao Juni mwaka huo walimlazimisha Rais William Ruto kuuacha Muswada wa Fedha. Kila ifikapo tarehe 20 Oktoba, vijana hukusanyika Lekki kuwakumbuka waliokufa.