Ubongo wa mlevi: tatizo ni waya

Leo naweka kando mambo ya programu kwa sababu ya mjomba wangu. Amekunywa chang'aa miaka mingi. Mara mbili ameacha, na mara zote mbili, wiki kadhaa baadaye, alikuwa bado anasahau na kuyumba. Nyumbani tukasema, "Huyo ubongo umekwisha." Naye akarudi kwa mama pima. Nilitaka kujua kama kweli umekwisha.

Zamani ubongo wa mlevi ulionekana akishakufa tu. Mwaka 1903 Waitaliano Marchiafava na Bignami walipasua maiti za walevi wa mvinyo, wakakuta daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo limeharibika katikati.

Kisha akaja mtu wa fani yetu. Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, Uingereza, alikuwa ameongoza utengenezaji wa kompyuta ya EMIDEC 1100 kabla ya kubuni mashine ya CT. Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London. Picha ilikuwa nukta 80 kwa 80 tu! Lakini sasa ubongo uliosinyaa ulionekana kwa mtu aliye hai, na aliye hai anaweza kupigwa picha tena. Mwaka 1978 Peter Carlen na wenzake, Toronto, walionyesha kwamba kwa baadhi ya walioacha pombe, kusinyaa kulikuwa kumepungua.

Imewezekanaje, na seli za neva zikifa kwa kawaida hazirudi? Mwaka 1985 Clive Harper na Jillian Kril, Australia, walipima wakakuta kilichopungua hasa ni sehemu nyeupe. Ndugu msomaji, chukulia ubongo kama mtandao wa ofisi: sehemu ya kijivu ni kompyuta, nyeupe ni waya, na mielini ni plastiki inayozifunika. Pombe inakula waya.

Mwaka 1994 Peter Basser na wenzake, Marekani, walieleza namna ya kuzikagua kwa MRI: maji hupita kwa urahisi kufuata urefu wa uzi, na uzi ukiharibika hutawanyika. Kila nukta ya picha hubeba matriksi ya 3 kwa 3. Mwaka 2000 Adolf Pfefferbaum na Edith Sullivan, California, waliitumia mbinu hiyo wakaona nyuzi zilizovurugika kwa walevi walio hai.

Kilichonigusa zaidi ni utafiti wa 2019 wa Uhispania na Ujerumani: uharibifu wa sehemu nyeupe uliendelea hata katika wiki 6 za kwanza baada ya kuacha. Yaani tulimhukumu mjomba katika wiki zisizofaa kabisa kumpimia mtu.

Safari hii tulimpeleka hospitali kwanza, maana mlevi wa siku nyingi akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Jumatatu anafikisha wiki ya 4. Bado anasahau jina la mtoto wangu. Hatusemi kitu, tunahesabu siku.

Haya, wiki ijayo turudi kwa programu.