Chukudu: Mafundi wa Kivu walipoondoa injini

Mwaka 1964 kampuni ya NSU ya Ujerumani ilianza kuuza gari la injini ya rota moja, ndogo na nyepesi. Miaka ya 1970, uchumi wa Zaire ulipoyumba, mafundi wa Kivu ya Kaskazini walikuwa na jibu lingine: chukudu, chombo kisicho na injini hata kidogo.

Fundi huchonga mbao ngumu, mara nyingi mkaratusi, akafunga magurudumu mawili ya mbao na kuyavika mpira wa tairi kuukuu. Kipande kingine cha mpira hukaa juu ya gurudumu la nyuma. Dereva akikikanyaga, hiyo ndiyo breki.

Toka Kibumba chukudu hushuka Goma na viazi, makabichi na makala. Kurudi mlimani ni kusukuma. Tangu 2009 sanamu yake ya rangi ya dhahabu inasimama mjini.

Familia zilizokimbia vita zinakijua vizuri: kimebeba magodoro, masufuria, hata wazee. Baba anayekipoteza njiani amepoteza mzigo, na kazi ya kesho pia.