Mji na Ujirani: Baina ya Ibn Khaldun na Wanazuoni wa Elimu ya Jamii

Ndugu wasomaji, husemwa sana kwamba mji huwafanya watu wasijuane. Je, hiyo ni tabia ya mji wenyewe, au ni jambo wanalolitenda watu? Tuwasikilize wanazuoni wa elimu ya jamii.

Wa mwanzo kutajwa ni Ibn Khaldun (Mwenyezi Mungu amrehemu), aliyezaliwa Tunis mwaka 732 H (1332) na kufariki Cairo mwaka 808 H (1406). Katika Muqaddima aliyagawa maisha ya jamii mafungu mawili: ya badiya na ya mjini. Mjini hukua ufundi, biashara na elimu, kwa kuwa watu wengi hugawana kazi. Lakini anasa za humo hudhoofisha asabiyya, yaani ule mshikamano wa watu kuteteana, hata dola ikachakaa.

Zaidi ya karne tano baadaye, mwaka 1938, Louis Wirth wa Chuo Kikuu cha Chicago huko Marekani aliandika kwamba mji hutambulikana kwa wingi wa watu, msongamano wao na kutofautiana kwao. Kwa rai yake, mtu wa mjini hukutana na wengi, lakini kila mmoja humjua kwa shughuli yake tu. Udugu na ujirani hulegea.

Rai hii ilijibiwa. Herbert Gans aliishi na watu wenye asili ya Italia katika mtaa wa West End, Boston. Mwaka 1962 alichapisha kitabu akibainisha kwamba watu wale, ndani ya mji mkubwa, walitembeleana na kusaidiana mithili ya wanakijiji. Kilichowatawanya si mji, bali ni uamuzi wa wakubwa kuubomoa mtaa wao kwa jina la maendeleo.

Hapa tunawakumbuka mafakihi. Mahanafi wamempa jirani haki ya shufaa, yaani kutangulizwa kuinunua nyumba inayouzwa ubavuni mwake. Jumhuri ya wanavyuoni wameiweka kwa mshirika pekee. Pamoja na ikhtilafu hiyo, wote waliuona ujirani kuwa ni suala la kutolewa hukumu, si la kuachiwa hisia tu.

Basi tusiulaumu mji. Ujirani hufa pale haki zake zinapoachwa bila mlinzi. Wallahu aalam.