Mtama Unaojua Kunyamaza

Ndugu msomaji, siye vijana wa mjini tukisikia "historia" tunawaza vita, wafalme na tarehe za uhuru. Mtama je? Aa, huo tunamwachia bibi kijijini, eti chakula cha njaa. Mimi nasema hapo tunajipunja wenyewe.

Chukua habari ya Gebisa Ejeta. Alizaliwa mwaka 1950 huko Wolonkomi, Ethiopia, akasoma hadi Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Mwaka 1979 akaenda kufanya kazi Sudan, nchi ambayo mtama ni uhai wa watu na mvua ni ya kubahatisha. Huko akawa anachavusha mmea huu kwa ule, anapanda, anachagua, anatupa, anaanza upya. Mwaka 1983 ikatoka Hageen Dura-1, mtama chotara uliostahimili ukame na kuzaa kuliko mbegu za kienyeji.

Lakini adui hakuwa ukame peke yake. Kulikuwa na kiduha. Gugu hili lina maua ya kupendeza, bwana, ila ni nyonyaji. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, huweza kulala ardhini miaka zaidi ya 10. Mzizi wa mtama ukitoa kemikali fulani, zinaamka, zinajipachika kwenye mzizi na kunyonya maji na chakula. Mkulima anapoona jani limenyauka, mwizi keshakula chini kwa chini.

Gebisa aliporudi Purdue alishirikiana na Larry Butler, mtaalamu wa kemia ya viumbe, kutafuta mtama ambao mizizi yake hutoa kemikali hiyo kidogo tu. Yaani mtama unaonyamaza. Kiduha hakisikii kitu, kinaendelea kulala. Sifa hiyo hawakuiumba wao. Ilikuwamo katika baadhi ya mbegu, wakaihamishia kwenye nyingine zenye mavuno mazuri. Mwaka 2002 Tanzania ikaidhinisha mbili za namna hiyo, Hakika na Wahi. Mwaka 2009 Gebisa akapewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Anastahili, sibishi. Lakini hebu tuulizane, wenzangu wa kalamu: nani aliyezitunza mbegu za mtama karne zote hizo, akichagua suke la kula na suke la kupanda, mpaka mtaalamu akazikuta? Ni wakulima, na majina yao hayamo kitabuni. Bibi zetu wengine bado wapo hai. Twende tukawaulize sasa, maana wao wakinyamaza, hakuna atakayevuna.