Jengo Namba 20: Banda Lililozaa Wabunifu

Siku hizi bosi akitaka wafanyakazi wawe wabunifu, hukimbilia kununua viti vya rangi na meza ya tenisi. Historia yatuambia mengine. Hebu tutazame banda moja la mbao.

Mwaka 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, chuo cha MIT huko Marekani kilijenga harakaharaka Jengo Namba 20 kwa ajili ya wanasayansi waliokuwa wakiunda rada. Lilikuwa la orofa 3, nalo lilitakiwa kubomolewa miezi 6 baada ya vita kwisha. Majira ya joto lilikuwa tanuri; majira ya baridi, upepo ulipenya kila mahali. Lakini chuoni nafasi ilikuwa haba, basi likabaki hadi 1998. Miaka 55!

Siri yake ilikuwa nini? Kwanza, kwa kuwa hakuna aliyelithamini, hakuna aliyelilinda. Ukitaka kupitisha waya, unatoboa ukuta na kuendelea na kazi. Mwanafizikia Jerrold Zacharias alipokuwa akiunda saa ya atomiki, mtambo ulikishinda chumba kwa urefu. Akaondoa sakafu za juu.

Pili, ujirani. Wanaisimu Morris Halle na Noam Chomsky walikuwa chini ya paa moja na wahandisi wa umeme. Humo pia kulikuwa na klabu ya wanafunzi waliounda reli ndogo za kuchezea. Chini ya reli hizo kulijaa nyaya na swichi, na waliozizoea hawakukawia kuvutiwa na tarakilishi. Mmoja wa wanachama, Steve Russell, ndiye aliyeongoza uandishi wa mchezo wa Spacewar! mwaka 1962. Udukuzi, kwa ile maana yake nzuri ya zamani, una mizizi katika chumba kile.

Mimi niliwahi kuajiriwa mahali ambapo kuhamisha meza kulihitaji barua. Tuliokuwa tukiandika programu moja tuliketi pembe mbili za ofisi, tukaomba tukae pamoja. Ruhusa ilikuja mradi ukiwa umeshakufa.

Sisemi tukafanye kazi vibandani. Nasema hivi: mwajiri, kabla hujanunua rangi, waulize vijana wako ni kitu gani ofisini wanachoweza kukibadilisha leo bila kumwomba mtu. Wakikosa jibu, rangi haitasaidia.

Je, kwenu kazini hali ikoje?