Kiboriani: Baridi ya Wazungu Juu ya Mpwapwa

Mwezi wa saba Dodoma huvaa makoti. Mji uko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya kipupwe kipimajoto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam huona hiyo ni baridi tosha, wala hatafuti nyingine. Zaidi ya miaka 100 iliyopita walikuwapo watu kwenye uwanda huu waliofunga mizigo na kuifuata baridi kali kuliko hiyo. Walipanda Kiboriani, safu ya milima iliyosimama kati ya Mpwapwa na Kongwa, wakapumzike wiki kadhaa kisha washuke kurudi kazini.

Walikuwa wamisionari wa Kiingereza wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana. Huko juu walikuwa na nyumba ya kupumzikia wagonjwa na waliochoka, na ukitafuta kitu katika Tanzania ya kati kinachofanana na mapumziko ya Mzungu kwenye kijiji cha theluji, hutapata kilicho karibu zaidi ya hicho. Theluji haikuwapo. Kilichokuwapo ni ukungu, blanketi zito na mbu wachache.

Kwa nini wapande? Jibu limelala makaburini Mpwapwa. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani. Hapo wapagazi walipata maji na chakula kabla ya kuikabili Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutumainiwa, na kuingia Ugogo, ambako watemi walidai hongo kwa kila msafara uliopita. Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alimwacha hapo msaidizi wake mgonjwa, William Farquhar, naye akafa baada ya muda mfupi. Alexander Mackay, mmisionari wa CMS, alifyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1877, na mwaka uliofuata Dk. Edward Baxter na Joseph Last wakaanza kazi ya misheni hapo. Baadaye vikafuata vituo vya Mamboya, Mvumi, Buigiri na Kongwa. Homa nayo haikuacha kituo hata kimoja.

Waganga wa Ulaya wa wakati ule waliamini kuwa homa inatokana na hewa mbaya ya mabondeni, na kwamba dawa yake ni kumpandisha mgonjwa mahali penye hewa safi na baridi. Sababu waliyoitaja ilikuwa ya uongo, lakini tiba yenyewe haikuwa ya kijinga. Ronald Ross alipothibitisha mwaka 1897 kwamba malaria hubebwa na mbu, siri ya mlima ilianza kueleweka. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, na vimelea vya malaria kali haviwezi kukomaa ndani ya mbu pale joto linapokuwa chini ya nyuzi 18. Aliyepanda kukimbia hewa mbaya alikuwa anamkimbia mbu bila kujua.

Imani hiyohiyo ndiyo iliyoijenga Davos huko Uswisi, na hapo ndipo habari ya Kiboriani inaponivutia. Wagonjwa wa kwanza wa kifua kikuu waliokwenda Davos majira ya baridi walifika mwaka 1865, wakalazwa kwenye vibaraza waote jua huku theluji imewazunguka. Kisha jamaa zao wazima walichoka kukaa bure. Mwaka 1894 Arthur Conan Doyle, mwandishi wa visa vya Sherlock Holmes, ambaye mkewe alikuwa akitibiwa huko, alivuka mlima kutoka Davos hadi Arosa kwa mbao za kutelezea theluji akiwa na ndugu wawili wenyeji, halafu akaandika habari zake magazetini. Mji wa wagonjwa ukageuka mji wa starehe. Kiboriani nayo ilianza na wagonjwa, ikaishia hapo.

Wepesi wa kusema ni kwamba Ugogo hakuna theluji. Mimi naona reli ilikuwa na neno zaidi. Davos ilipata reli yake mwaka 1890, kwa juhudi za Mholanzi Jan Willem Holsboer, aliyefika mwanzo akiwa na mke mgonjwa. Huku kwetu Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, lakini iliiruka Mpwapwa. Stesheni ya karibu ikawa Gulwe. Mji uliokuwa mlango wa bara kwa misafara ukaachwa kando, na Dodoma ikanenepa. Aliyetaka kupumzika Kiboriani alibaki na njia ileile ya wazee wake: kwenda kwa miguu, kupanda punda au kubebwa kwa machela. Na machela, tusisahau, hubebwa na watu. Baridi ya bwana ilikuwa jasho la wapagazi waliopanda na vitanda, sufuria na vitabu vyake mabegani.

Wajerumani wenyewe walipeleka starehe zao kwingine. Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ilikuwa na hali ya hewa waliyoitamani na haikuwa mbali na reli ya Tanga. Na kama ni mbao za theluji, zilikwishafika nchini. Mwaka 1912 vijana wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na kutelezea mbao katika kushuka. Barafu mojawapo ya kileleni inaitwa Furtwängler mpaka leo. Mwaka uleule Fritz Klute na Eduard Oehler walipima mlima na kuchora ramani iliyoonyesha barafu ya kilomita za mraba zipatazo 12. Kufikia mwaka 2011 zilibaki chini ya mbili. Anayeota kijiji cha kuteleza Kilimanjaro amechelewa kwa karne nzima.

Miaka miwili baada ya mchezo huo Kibo, Kiboriani ilipata kazi ambayo wajenzi wake hawakuitarajia. Vita vilipoanza Agosti 1914, raia wa Uingereza waliokuwa katika koloni la Wajerumani wakawa maadui. Wamisionari wa CMS walikusanywa, wengine kutoka UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana, wakaletwa, na nyumba ya mapumziko mlimani ikafanywa mahabusu. Miongoni mwao alikuwamo Padre Ernest Spanton, mkuu wa chuo cha Kiungani, Zanzibar, ambaye mwaka 1917 alichapisha kitabu kuhusu kifungo chake. Hewa ilikuwa ileile, na mandhari ya bondeni ileile. Tofauti ni kwamba mlangoni sasa walisimama askari.

Baadaye wafungwa hao walihamishiwa Tabora, wakakaa huko hadi Wabelgiji walipouteka mji Septemba 1916. Vitabu vyao vina manung'uniko mengi juu ya chakula na kudhalilishwa mbele ya Waafrika. Walimu Waafrika wa misheni hizohizo, walioshukiwa kuwa wapelelezi, hawakupelekwa nyumba yoyote ya mapumziko. Walifungwa minyororo, wakapigwa, na baadhi yao wakafa.

Huko bondeni hali ilikuwa inaelekea kubaya zaidi. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Njaa iliyoikumba Ugogo kuanzia 1917 Wagogo wanaiita Mtunya, na maofisa wa Kiingereza walikadiria kuwa iliua watu wapatao 30,000. Msomaji wa Dodoma akikutana na habari za wazungu waliopunga upepo Kiboriani, aziweke kando ya hesabu hiyo, maana umbali kati ya mambo hayo mawili ni miaka michache na mwendo wa siku chache tu.

Baada ya vita Waingereza hawakuirudia ndoto ya mlima kwa nguvu. Kwinini ilikuwa imezoeleka, vyandarua vilikuwapo, na gari la moshi lilimfikisha mgonjwa Dar es Salaam bila machela. Mpwapwa ilipata sifa nyingine, ya chuo cha ualimu na utafiti wa mifugo. Mwaka 1947 wageni walijaa tena chini ya Kiboriani, safari hii upande wa Kongwa, wakiwa na matrekta ya mradi wa karanga. Serikali ya Uingereza ilizika humo pauni milioni 36 hivi kabla ya kukata tamaa mwaka 1951. Ardhi ilikuwa ngumu na maji hayakutosha, ilhali mlima uliokuwa ukiwatazama ndio unaovuta mawingu ya eneo lile.

Maji hayo ndiyo wenyeji waliyoyathamini tangu mwanzo. Kwa mfugaji wa Kigogo baridi ya mlimani haina utamu wowote. Alichotaka ni vijito vinavyoteremka kiangazi, kuni, na mahali pa kujificha wanyang'anyi wa ng'ombe walipokuja. Leo ugomvi wa Kiboriani ni wa mashamba. Wapo waliofyeka msitu wakalima kwa sababu huko juu udongo una unyevu hata mvua za bondeni zikikatika Februari, na wapo viongozi wanaowataka washuke ili vyanzo vya maji ya mji wa Mpwapwa visikauke. Hoja za pande zote mbili zina uzito, na kila kiangazi zinasikika upya.