JINO LA AKILI NA SHIMO LINALOBAKI: HISTORIA FUPI KWA FAMILIA



Ndugu wasomaji, wazazi na vijana wetu wa Biryogo, Nyamirambo na kwingineko, leo tuzungumzie jambo linaloingia karibu kila nyumba yenye kijana wa miaka 17 hadi 25. Nalo ni gego la mwisho, lile linaloitwa jino la akili. Waarabu huliita dirsul-aql na Wafaransa huliita jino la busara, maana huota mtu akiwa amekwisha kupevuka. Mara nyingi halipati nafasi, hulala upande, ufizi huvimba, na mwisho wake ni kung'olewa. Wengi wetu huogopa koleo. Lakini ukisoma historia utaona kwamba walioumia au kufa, wengi waliumia siku zilizofuata.

CORDOBA, MIAKA 1000 ILIYOPITA

Tabibu Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyezaliwa mwaka 936, aliandika kitabu kikubwa cha tiba chenye juzuu 30, kiitwacho al-Tasrif. Ndani yake alichora vyombo vya upasuaji, na vya meno vikiwemo. Aliwaonya matabibu wasiwe na haraka ya kung'oa, kwani maumivu humdanganya mgonjwa akaonyesha jino zima na lile bovu likabaki. Aliwalaumu vinyozi wa zama zake waliokuwa wakivunja meno, kuacha mizizi ndani na hata kuvunja taya. Wala hakuishia kwenye kung'oa. Alieleza namna ya kuzuia damu na kusafisha kinywa kwa siki na chumvi. Katika karne ya 12 kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo, na madaktari wa Ulaya wakakisoma kwa mamia ya miaka.

GANZI NA DONGE LA DAMU

Kwa karne nyingi mgonjwa alishikwa na watu huku akipiga kelele. Mwaka 1844 daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, alivuta gesi na kung'olewa jino lake mwenyewe bila maumivu. Mwaka 1846 William Morton akaonyesha hadharani kazi ya etha mjini Boston. Sindano ya ganzi inayotumika sana leo, lidokaini, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943.

Maumivu ya kung'oa yakapata dawa, ila shimo lilibaki na mambo yake. Jino likitoka, damu huganda shimoni ikawa donge. Donge hilo ndilo kifuniko cha mfupa, na chini yake nyama mpya huanza kuota. Likitoka mapema, mfupa hubaki wazi na maumivu makali huja, mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne, yakapanda hadi sikioni. Hali hii ilielezwa katika maandishi ya udaktari wa meno mwaka 1896. Magego ya chini ndiyo hupatwa zaidi, na uvutaji sigara huongeza hatari.

Lililo baya zaidi ni usaha unaoshuka chini ya taya na shingoni. Daktari Mjerumani aitwaye Ludwig alieleza ugonjwa huo mwaka 1836. Uvimbe hunyanyua ulimi na kuziba njia ya pumzi. Kabla ya dawa za antibiotiki, zaidi ya nusu ya waliopatwa walifariki.

HAPA KWETU

Richard Kandt, aliyeanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, alikuwa daktari. Hata hivyo miaka mingi ilipita kabla mwananchi wa kawaida kumfikia mtaalamu wa meno. Kung'oa kulikuwa kazi ya yeyote mwenye mkono mgumu. Watoto wachanga nao wakapata mateso ya "ibyinyo". Mtoto akiharisha au kupata homa, ufizi wake hukatwa ili kutoa "meno mabaya". Jirani zetu Uganda wana desturi hiyo hiyo, na Tanzania ilijulikana kama meno ya plastiki. Kinachotolewa ni chipukizi la jino la kweli, na mtoto hubaki na kidonda, damu na hatari ya pepopunda, huku ugonjwa wenyewe haujatibiwa.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wahudumu wa afya walikuwa wachache mno. Mwaka 1996 ilianzishwa taasisi ya afya ya Kigali, KHI, iliyofundisha pia wahudumu wa meno, na mwaka 2013 ikaingia katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Bima ya mutuelle ilianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya 3 za afya, kisha ikaenea nchi nzima. Kwa hiyo, ndugu zangu, leo hatuna sababu ya kurudi kwa mwenye koleo la mtaani.

UKISHANG'OLEWA

1. Uma pamba au kitambaa safi ulichopewa kwa nusu saa hadi saa moja. Damu ikirudi, uma tena bila kuachia. Kifuko cha majani ya chai kilicholoweshwa nacho husaidia.

2. Saa 24 za mwanzo usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija. Sigara iache kwa siku kadhaa. Wakati wa kutia udhu, ingiza maji kidogo taratibu na uyaachie yatoke yenyewe. Mwenye swali la fiqhi amuulize sheikh wake.

3. Siku ya pili anza kusukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Mswaki upitishe kwenye meno mengine, shimo uliache.

4. Kula vilaini: igikoma kilichopoa, ndizi zilizopondwa, supu isiyo moto.

5. Uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua. Meza dawa ulizoandikiwa tu. Aspirini usijinunulie, huzidisha kutoka damu.

6. Mwenye kisukari, mjamzito au anayemeza dawa za kulainisha damu aseme kabla ya kung'olewa. Ikiwa ni Ramadhani, mwulize daktari kama yafaa kusubiri. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Rudi hospitali haraka ukiona damu haikatiki, homa, kinywa kisichofunguka, uvimbe unaoshuka shingoni, au taabu ya kumeza. Pumzi ikibana, usingoje asubuhi.

Enyi wazazi, kijana akirudi nyumbani shavu limevimba msimcheke. Mlaleni naye macho usiku ule wa kwanza, mumwangalie kama damu imekatika.

Wabillahi tawfiq.